Mwanangu ana kisukari cha insulini, shule wanataka alale kambini. Naombeni ushauri

Habari zenu wapendwa, na shikamooni wakubwa zangu wote mtakaosoma barua hii. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Korogwe mkoani Tanga, naandika kuhusu binti yangu wa katikati, ana miaka 13 yupo darasa la saba na ana kisukari, ile aina ya kwanza ya kuchoma insulini. Shule yao ni ya kutwa ila tulikaa kikao cha wazazi ikapitishwa kwamba darasa la saba wote walale shuleni, wapige kambi mpaka mtihani wa taifa wa mwezi wa 9, wasome usiku walimu wakiwasimamia. Baba yake anataka aende, yeye mwenyewe anataka aende mpaka analia, mimi moyo unakataa. Sasa kabla hamjanijibu naomba niwaeleze vizuri maana kila ninayemuuliza huku kwetu naona anauchukulia huu ugonjwa sawasawa na ule wa watu wazima, na ushauri anaonipa unatokea hapohapo.

Ulianza akiwa darasa la tano. Alirudia kukojoa kitandani wakati alishaacha zamani sana, akawa anakunywa maji usiku kucha, anakula vizuri tu tena anaongeza lakini anakonda, sketi ya shule ikawa inamvuka mpaka nikaitia pini. Chooni kwetu sisimizi wakawa hawaishi pale anapokojoa. Zahanati wakampima malaria hana, wakasema basi ni yutiai wakampa dawa akarudi nyumbani. Baadaye akaanza kutapika, tumbo linamuuma, anapumua haraka haraka kwa nguvu na hali amelala, mdomo unatoa harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Tulipofika hospitali kubwa kuna nesi binti mdogo tu ndiye aliyesema jamani mpimeni sukari huyu, wakamtoboa kidole, mashine haikutoa hata namba, iliandika HI, yaani sukari imepita pale mashine inapoweza kusoma. Wakapima mkojo wakakuta ketoni. Hapo hapo dripu, insulini, usiku ule hakuna aliyelala.

Daktari alituweka chini mimi na baba yake akatueleza, na nashukuru alitumia Kiswahili tunachokielewa. Alisema kinga ya mwili wa mtoto imegeuka ikashambulia zile chembe za kwenye kongosho zinazotengeneza insulini, zimekufa na hazirudi. Insulini ndiyo inayofungua mlango sukari iingie kwenye mwili ifanye kazi, isipokuwepo sukari inabaki kwenye damu inatoka na mkojo huku mwili wenyewe una njaa, unaanza kuunguza mafuta, na hayo mafuta ndiyo yanatoa ile ketoni inayotia damu asidi mpaka mtoto anazimia. Akasema kabisa, si pipi, si soda, si kwamba mama alimlisha vibaya, na hauambukizi. Na kwamba atachoma insulini kila siku ya maisha yake, siku akiumwa homa hataki kula ndiyo kabisa msiache, mnapima mara nyingi zaidi mnapiga simu kliniki.

Sasa kwenye familia ndipo pagumu. Mama mkwe wangu, nampenda na yeye anampenda huyu mjukuu kuliko wote, ana sukari pia lakini yake ni ya ukubwani, anameza metformin na akipunguza wali na chai ya sukari anakaa vizuri. Kwa hiyo haelewi kwa nini mtoto mdogo achomwe sindano na yeye mtu mzima anameza vidonge. Namwambia mama, wewe mwili wako bado unatengeneza insulini ila haifanyi kazi vizuri, vidonge vinausaidia, huyu mwenzio hatengenezi, vidonge vitasaidia nini? Ananyamaza, kesho anarudi na unga wa mlonge na mdalasini kutoka kwa mtaalamu wa tiba asili aliyemwambia aachishwe sindano atumie huo, na kwamba sindano nyingi zitamharibia kizazi. Kliniki nikauliza hilo la kizazi wakasema si kweli, wapo wanawake wengi tu wanaochoma insulini toka utotoni na wamezaa, muhimu sukari idhibitiwe. Nikamhadithia bibi hata lile alilotufundisha nesi, kwamba mtu wa kwanza kutibiwa na insulini alikuwa kijana wa miaka 14 anaitwa Leonard Thompson, huko Toronto Kanada mwaka 1922, na kabla ya hapo mtoto akipata ugonjwa huu wazazi walikuwa wanakaa wanasubiri tu afe. Bibi alilia kusikia hivyo. Lakini unga bado ananiletea na hofu yangu kubwa ni siku mimi sipo.

Narudi kwenye shule. Mwaka jana kwenye kipindi cha mwisho asubuhi, walikuwa wametoka kukimbia mchakamchaka na michezo, akaanza kutetemeka, jasho linamtoka, kichwa amelaza kwenye dawati, akiulizwa anajibu vitu visivyoeleweka. Mwalimu akadhani anasinzia akamwambia asimame. Rafiki yake anayekaa naye, ambaye mwanangu alishamfundisha, akakimbia kwa mama wa kantini akaja na soda. Mwalimu akamnyang'anya ile soda, "mgonjwa wa sukari unampa soda, unataka kumuua?" Kwa nia njema kabisa, sisemi kwamba ana roho mbaya. Lakini pale sukari ilikuwa imeshuka, na ikishuka chini ya 4 kwenye mashine (mmol/L) dawa yake ndiyo hiyo hiyo sukari, soda ya kawaida au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, anasubiri dakika 15 anapima tena, ikishapanda anakula chakula. Nilipigiwa simu nikafika na bodaboda, nilipompima ilikuwa 2.6, nikampa maji ya sukari niliyokoroga palepale mbele ya walimu, hatimaye akainua kichwa akauliza mama umekujaje huku. Wangechelewa kunipigia akazimia ingekuwa mengine, maana akishazimia humpi kitu mdomoni tena atapaliwa, unamlaza ubavu unamkimbiza hospitali.

Ndiyo maana kambi inanitisha. Mchana nipo karibu, usiku je?

Anatumia insulini ile ya mchanganyiko, asubuhi na jioni, na inatakiwa achome kama nusu saa kabla ya kula. Nyumbani nikishaona maharage yameiva na maji ya ugali yanachemka ndiyo namwambia haya choma. Shuleni wanapikia kuni kwenye masufuria makubwa, kuna siku chakula saa moja na nusu usiku, kuna siku maji yamekatika au kuni mbichi wanakula saa tatu. Yeye kashachoma saa kumi na mbili na nusu kwa ratiba, insulini inafanya kazi hakuna chakula tumboni, sukari inashuka huku wenzake wanasoma, halafu anaenda kulala nayo hivyo hivyo. Siku akiwa amecheza sana mimi huamka saa nane usiku nampima nikamkuta wakati mwingine ipo chini na yeye amelala fofofo hajui, shati limelowa jasho. Nani ataamka bweni zima ampime mtoto wangu?

Kutunza dawa pia. Shule haina friji ya wanafunzi. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa friji nyuzi 2 hadi 8 na zisigande, iliyofunguliwa inakaa nje karibu mwezi mmoja lakini sehemu isiyo na joto kali, na Tanga mnaijua joto lake. Nyumbani umeme ukikatika naweka kwenye mtungi wa udongo, ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga nauloanisha maji asubuhi na jioni, inabaki na ubaridi. Hili naweza kuwaandalia kambini, wala si shida. Sindano zilizotumika ana kopo gumu la kuzitia tunarudisha kliniki. Stripu za kupimia tunapewa kliniki ila hazitoshi kupima mara nne kwa siku, za ziada nanunua, na zinauma jamani bei yake.

Kuchoma anajua mwenyewe, kuvuta yuniti anajua, kubadilisha sehemu za kuchoma tumboni na mapajani ili pasivimbe anajua. Sina wasiwasi na akili yake, yupo kwenye kumi bora ya darasa. Ila ni mtoto. Nimegundua shuleni huwa hapimi mbele ya wenzake, anajificha chooni, kuna mwanafunzi alimwambia utatuambukiza kwa hiyo sindano yako. Na mwaka huu amevunja ungo, kliniki wakaniambia umri huu homoni zinafanya insulini isishike vizuri, sukari itakuwa inayumba na dozi itabadilika badilika, kwa hiyo ndiyo wakati wa kuwa karibu zaidi, si wa kumwacha. Nikamwambia basi ubaki nyumbani usome hapa, akanijibu "mama, nikibaki peke yangu wote watajua mimi ndiyo mgonjwa". Nilikosa la kusema.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, alinipokea vizuri tu. Matroni ni mama mwenzetu mpole sana lakini alisema wazi yeye sindano anaziogopa hata za kwake. Halafu mwalimu mkuu akatoa karatasi, anataka tusaini kwamba lolote likimpata mtoto kambini shule haihusiki. Baba yake alitaka kusaini palepale, nikamshika mkono nikaomba tukafikirie nyumbani. Tangu siku hiyo tunaongea kwa mkato. Yeye anasema namlea mtoto kwa woga, kwamba sekondari akipangiwa bweni je nitahamia naye huko? Na hapo ana hoja, silikatai hilo, kuna watoto wenye kisukari wanasoma bweni na wanafaulu, hata pale kliniki tunakutana na mama mmoja mwanae yupo kidato cha pili bweni. Tofauti ni kwamba hiyo shule ina zahanati yake na nesi anayelala humo ndani.

Wazo langu ni hili: ashiriki kambi yote, ale chakula cha jioni na wenzake, asome mpaka saa tatu na nusu au saa nne, halafu baba yake amfuate na pikipiki alale nyumbani, kutoka kwetu hadi shule si mbali. Lakini achome pale sahani ikiwa tayari inaonekana, si kwa saa ya ukutani, na hilo la kusogeza muda nitakwenda kuwauliza kliniki kwanza maana sitaki kubadilisha kitu kwa akili yangu. Pia nataka niombe dakika chache kwenye kikao cha walimu, niende na nesi wa kliniki kama atakubali, awaeleze dalili za kushuka na za kupanda, na kila mwalimu wa zamu ajue sukari na soda vipo wapi. Baba yake anaona hiyo ya kumfuata usiku ni kumtenga vilevile, atakuwa peke yake anayeondoka wenzake wanatandika magodoro.

Kwa hiyo naombeni, hasa wazazi wenye watoto wa aina ya kwanza na walimu mliowahi kukaa na mwanafunzi wa hivi. Je, nimwache alale kambini nikishawafundisha, au nishikilie la kumrudisha usiku? Ile karatasi tusaini au tukatae, na tukikataa tunaweza kupendekeza maandishi gani mengine ambayo shule nayo inabeba wajibu wake wa kumpa sukari na kutupigia simu? Nani ashike insulini, yeye mwenyewe kwenye begi au matroni kabatini, maana kabati likifungwa na mwenye ufunguo kaenda sokoni inakuwaje? Kuhusu bibi, kuna aliyefanikiwa kumwelewesha mzee bila kumvunjia heshima, au nimpeleke kliniki akae akasikie kwa masikio yake mwenyewe? Nafikiria hilo la mwisho kwa kweli.

Na siku za mtihani wenyewe, mlioshapitia, aliruhusiwa kuingia na mashine yake ya kupimia na kitu kitamu mezani? Mlizungumza na nani, mwalimu mkuu au mlikwenda mpaka ofisi ya elimu wilayani, na mlipeleka barua ya daktari? Kikao kingine cha wazazi ni mwisho wa mwezi huu na mwalimu mkuu anataka jibu siku hiyo, kwa hiyo hata mwenye neno fupi aniandikie, nitasoma yote na baba yake nitamsomea.

Mama wa Korogwe