Jeki ni ya kuinulia, si ya kulala chini yake

Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa magari mlichapisha picha ya kijana aliyelala uvunguni mwa gari la michezo la zamani, miguu nje, gari limeshikiliwa na jeki peke yake. Maelezo ya picha yalimsifu kwa kujitengenezea gari lake. Sina ugomvi na sifa hizo, maana kulishughulikia gari la zamani kwa mikono yako ni raha isiyo kifani. Ila picha ile ilipaswa kuambatana na onyo. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Hawakusema alale chini ya jeki.

Jeki ya mafuta hushikilia gari kwa oili iliyobanwa na sili za mpira. Sili ikichoka, au vali ikilegea kidogo, gari linashuka, na halipigi hodi. Jeki ni ya kupandisha na kushusha tu. Mtu akiingia chini, gari libebwe na stendi za chuma kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Bloku za saruji sizikubali hata kwa dharura: chuma hupinda kwanza ukakiona, bloku hupasuka ghafla.

Hayo ni ya gari lolote. Kilichonifanya nishike kalamu ni kwamba wenye magari haya ya zamani wanajua wanunue jeki gani, lakini hawajui waiweke wapi. Chukua MGB, gari la michezo la Kiingereza lililotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980. Haina chasisi ya kujitegemea, yaani fremu ya chuma inayokaa chini ya bodi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na sehemu kubwa ya nguvu yake iko katika maboksi ya chuma yanayopita chini ya milango. Kutu huyala maboksi hayo kutokea ndani huku rangi ya nje ikimeremeta, kwa hiyo siku unayoweka jeki hapo ndiyo siku unayojua umenunua nini. Lotus Elan, nayo ya 1962, ina bodi ya faibaglasi iliyovalishwa juu ya chasisi ya chuma inayopita katikati ya gari. Jeki ikiegemea faibaglasi tupu, utasikia mlio wa kupasuka hata tairi halijaondoka ardhini. Jaguar E-Type iliyoanza 1961 ina fremu ya mabomba membamba ya mraba inayobeba injini, na bomba la namna hiyo halikutengenezwa kusukumwa na jeki katikati yake. Magari matatu, majibu matatu. Kitabu cha gari husika ndicho cha kufuata, si mazoea ya gari la jirani. Na tafadhali, sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, si mahali pa jeki katika gari hata moja kati ya hayo.

Kinachowaponza wengi zaidi ni handbreki. Mengi ya magari haya handbreki yake hukamata magurudumu ya nyuma, na injini husukuma hayohayo ya nyuma. Ukiinua nyuma yote, umeondoa ardhini breki na gia kwa pamoja. Hata ukiinua gurudumu moja tu la nyuma, gia haizuii tena, kwa sababu difu, ile gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma, inaliruhusu lile lililo hewani kuzunguka. Basi weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini, kabla hujagusa mpini wa jeki. Nati za gurudumu zilegeze mapema vilevile, gari likiwa bado limekaa chini.

Jeki yenye magurudumu lazima iachiwe itembee. Mkono wake haupandi wima bali kwa njia ya upinde, hivyo ama jeki isogee ama gari lisogee. Kwenye kokoto jeki inazama, na gari ndilo linalovutwa. Kama gari liko chini mno hata jeki haipenyi, lipandishe kwanza juu ya mbao pana.

Gari likishakaa juu ya stendi, mimi hulisukuma ubavuni kwa nguvu kabla ya kuingia. Vijana wa gereji hunicheka kwamba nitaliangusha. Kama ni la kuanguka, na lianguke nikiwa nimesimama! Kisha tairi nililolitoa hulilaza chini ya gari, liwe akiba.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo: mkileta habari za gari la zamani, chapisheni pia mchoro wa sehemu zake za kuwekea jeki. Hautachukua nafasi kubwa kuliko picha ile.

Na kwa wenye magari yasiyo na paa: milango ifungwe kabla ya kuinua, na isiguswe mpaka gari lishuke. Gari ambalo maboksi yake ya chini ya milango yamechoka hupinda kidogo likiwa juu, na mlango uliofunguliwa huko hukataa kurudi. Ukiona pengo la mlango linabadilika gari linapopanda, sahau oili uliyotaka kubadilisha. Shusha, tafuta mchomeleaji, na umwambie asikate boksi kabla ya kulitegemeza gari vizuri, kwa maana mpindo utakaokuwapo wakati wa kuchomelea ndio utakaobaki.

Wako,
Fundi wa magari ya zamani