Barua kwa Mama Naomi

Lubumbashi, Katuba, tarehe 14 mwezi wa 7

Mama Naomi mpenzi,

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaurudia asubuhi. Eti mbwa wako Bobi aliamka Jumatatu anaburuta miguu ya nyuma, na majirani wanasema kalishwa sumu, afadhali apigwe amalizike. Usikubali, dada yangu. Ngoja kwanza.

Leo hii mwangalie mdomo, ukiwa mbali naye. Taya la chini likilegea na kuning'inia, mate yakitiririka, sauti ikibadilika, maji yakimshinda kumeza, usimguse kabisa, wala usitie mkono kinywani ukidhani mfupa umemkwama. Kichaa cha mbwa kina sura hiyo pia. Watu wanajua yule anayekimbia akiuma, lakini mwingine anapooza kimya kimya na kufa baada ya siku chache. Kama amemuuma mtoto, au mate yake yamegusa kidonda, osheni kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo.

Lakini uliandika kwamba anakula vizuri, na analia ukimshika mgongo. Hapo namkumbuka mbwa wetu Simba, mwaka juzi. Tulimpeleka kwa munganga wa wanyama, kijana aliyesomea hapa hapa chuo kikuu. Alitueleza kwamba kati ya mifupa ya mgongo kuna vitu kama vimito. Kimoja kikipasuka au kutokeza, kinabana neva kubwa inayopita ndani, na miguu inakosa habari kutoka kwenye ubongo.

Akamfinya Simba kidole cha mguu wa nyuma, kwa nguvu. Mguu ukajivuta. Mimi nikashangilia, naye akanikatiza: mguu kujivuta peke yake si kitu, unaweza kujivuta bila mbwa kusikia chochote. Akafinya tena, Simba akageuza kichwa na kulia. Pale ndipo alipotabasamu. Mbwa anayesikia maumivu vidoleni ana matumaini makubwa ya kutembea tena. Asiyesikia, matumaini yanapungua sana, na kila siku ya kungojea ina hasara. Kwa hiyo usikae ukitazama tu, mtafute munganga kesho.

Tulimfungia Simba wiki 6 ndani ya kizimba kidogo cha mbao. Watoto waliniita mkatili, lakini akirukaruka, kile kimto kinazidi kutokeza. Kilichonichosha zaidi ni mkojo. Mimi niliona matandiko yamelowa nikadhani anakojoa mwenyewe, kumbe kibofu kilikuwa kimejaa hadi kinamwagika. Mara 4 kwa siku nilimkamua: mikono miwili pande zote za tumbo, karibu na mapaja, unatafuta kitu kama puto, unabonyeza polepole bila kuachia. Omba uonyeshwe kwanza, maana ukikosea unaweza kumuumiza. Mkojo ukinuka vibaya au ukiwa na damu, mrudishe.

Mtandikie malalo manene, magunia mawili na blanketi kuukuu, umgeuze ubavu kila baada ya saa 4, la sivyo nyonga zitatoboka vidonda. Na huko kwenu Goma, kwa yale mawe meusi ya volkano, asijiburute hata hatua tatu nje! Yatamchuna ngozi mpaka nyama. Umtoe kwa kumshika tumbo na kitambaa, kipande cha kikwembe kinatosha.

Diklofenaki na ibuprofeni za watu usimpe, hata kama maumivu yanakuumiza moyo. Zinaharibu tumbo na figo za mbwa.

Simba alisimama wiki ya 5, akayumba, akaanguka, akasimama tena. Hadi leo mguu wa kushoto anaukokota kidogo. Analala mlangoni ninapokuandikia.

Nitumie sauti kesho jioni. Nataka kujua kama Bobi aligeuza kichwa.

Ni mimi wako,
Mama Dorcas