Kijana aliyepanga chumba aachwe alipe deni lake

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie vijana wanaohamia Malimbe na Nyegezi kusoma chuo, ambao wengi wao hupanga chumba kwa mara ya kwanza bila kujua kwamba kodi hudaiwa ya miezi kadhaa kwa mkupuo, wala kwamba umeme wa LUKU ukiisha usiku hakuna mama wa kuulizwa. Bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa chuo, likitoka, wiki mbili ni sato na chipsi. Baada ya hapo ni dagaa, tena wa kukopa. Mimi sioni ubaya wa dagaa hao.

Ubaya ninauona kwetu sisi wazazi, tunaotuma fedha kwa simu kila mtoto anapolalamika, ingawa ametimiza miaka 18 na kisheria anaweza kuingia mkataba, na ingawa mkopo wa Bodi ya Mikopo atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi siku atakapoajiriwa. Akidaiwa kodi, aende mwenyewe kwa mwenye nyumba akaombe muda. Wenye nyumba nao (wapo wasiotoa risiti hata ukiwasihi) wawape vijana mikataba ya maandishi yenye tarehe za malipo, ili kila upande ujue unachodaiwa.

Mzazi,
Mkolani, Mwanza.