Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Nne, Kigoma, kwa Mgeni Rasmi

Baba Mchungaji, mgeni rasmi; Mkuu wa Shule; mapadri na masheikh mlioketi meza kuu; wazazi na walezi wetu: Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, Assalaamu alaykum. Na kwa wazee wetu wa Kiha, mwakeye.

Mgeni rasmi, risala za mahafali tumezoea ziishie kwenye ombi la kompyuta. Yetu haina ombi la fedha, ingawa bati la bwalo hili linavuja, na tumeona tuliseme kabla mawingu ya ziwani hayajafika. Ombi letu ni kwenu, viongozi wa dini, juu ya vijana wanaougua akili kimya kimya.

Mwaka 2024, tukiwa kidato cha tatu, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Uamuzi wenyewe hatuulalamikii; dagaa walikuwa wamepungua na mwalo mzima wa Kibirizi ulijua. Lakini nyumba nyingi zilibadilika. Baba aliyezoea kurudi alfajiri na karabai yake sasa yuko nyumbani mchana kutwa, hasemi na mtu.

Mwenzetu mmoja, ambaye ameturuhusu tusimulie bila kumtaja, aliacha kulala miezi ile. Akaacha kula hata siku chakula kilipopatikana. Daftari lake la Hisabati likajaa michoro ya mtumbwi, ule ule mmoja, kurasa kwa kurasa. Nyumbani wakasema ana mapepo. Akapelekwa kwenye mkesha, akawekewa mikono, akaambiwa imani yake ni haba. Alirudi kimya kuliko alivyokwenda, maana alikwenda na ugonjwa akarudi na ugonjwa na dhambi.

Aliyemwokoa alikuwa mtumishi wa Mungu vilevile. Mzee huyo alimkuta nje ya kanisa, akaketi naye kwenye benchi, akamuuliza: "Mwanangu, unalala?" Akasikiliza, Biblia ikiwa imefungwa mapajani. Kesho yake wakapanda bajaji hadi hospitali ya mkoa, wakakaa foleni pamoja. Maombi hayakukoma, na vidonge havikukoma. Leo mwenzetu yuko hapa, amevaa joho.

Baba Mchungaji, habari za Eliya chini ya mretemu unazijua kuliko sisi. Nabii aliomba afe. Malaika hakumkemea, alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, safari ikafuata baadaye. Masheikh wetu nao hutufundisha kwamba Mtume aliwaamrisha watu wajitibu, na kwamba Nabii Yaakub alimlilia Yusuf hadi macho yakawa meupe, naye akabaki nabii.

Kwa nini tunaleta kwenu jambo hili la kijana anayefika hata kutaka kufa? Polisi hatuwezi kwenda, kwa sababu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Hospitali tunaogopa kuonekana, na jina la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma, mtaani hutumika kutukania watu. Kwenu tunakuja kila Ijumaa na kila Jumapili, na hakuna anayeshangaa kijana kumfuata padri au sheikh pembeni.

Basi tukiwafuata, tuulizeni kwanza kama tumelala na kama tumekula. Tutakayowaambia yasigeuke mfano wa mahubiri wiki inayofuata. Kigoma ni ndogo, hata usipotaja jina, hadi sokoni Mwanga watu wameshamjua. Mkiona mzigo umewazidi, twendeni wote kwa daktari. Na kijana akitutoka kwa mkono wake mwenyewe, tunawasihi msimhukumu mbele ya jeneza. Mama yake anasikia, na katika wale waliosimama nyuma ya umati huenda yuko mwingine anayepima maneno yenu.

Mkuu wa Shule amekubali kutupa chumba kilicho jirani na maktaba, saa moja kila Alhamisi, kwa kiongozi wa dini yeyote atakayekuja kukaa na wadogo zetu. Viti viwili tumeviweka. Tunaomba, Baba, uwe wa kwanza kukikalia kimoja.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanao, wahitimu wa kidato cha nne.