Wapangaji wa Eastlands wasinyang'anywe viwanja vya wazi

Kwako Mhariri,

Kila panapotajwa kubomolewa kwa nyumba kuukuu za Eastlands, mashariki mwa Nairobi, ili ghorofa za bei nafuu zijengwe, mjadala huishia kwenye idadi ya nyumba, kodi, na nani atakayekabidhiwa funguo. Ni nadra kusikia wakuu wakieleza itakuwaje ardhi iliyo baina ya nyumba hizo, ilhali humo ndimo ujirani unamojengeka.

Tuchukue Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940. Mkoloni hakuujenga kwa hisani. Alihitaji wafanyakazi karibu na reli na viwanda, na vyumba alivyowapa vilikuwa vidogo. Hata hivyo, mchoro wake uliacha nafasi zenye miti, njia za miguu, shule, na ukumbi wa jamii. Katika ukumbi huo, mnamo Aprili 1950, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Makhan Singh alisimama mbele ya umati akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, jambo ambalo waliouchora bila shaka hawakulikusudia. Mtaa usio na mahali pa kukutania bila malipo hauwezi hata kuandaa mchango wa matanga, sembuse kudai haki.

Kule Pipeline, Embakasi, ghorofa zimebanana kiasi kwamba aishiye chini huwasha taa saa sita mchana, na watoto wanaocheza kandanda kichochoroni husimamisha mchezo kila mkokoteni wa maji unapopita. Sipingi ghorofa, kwa kuwa jiji lenye watu zaidi ya milioni nne halina budi kwenda juu. Kilichoharibu Pipeline ni kwamba kila mwenye ploti alijenga hadi mpakani, na asitokee wa kumzuia.

Kwa hivyo naiomba serikali ya kaunti, kabla tingatinga halijaingia katika mtaa wowote, ipime viwanja, njia na kumbi zilizopo na kuzisajili kuwa mali ya umma, kwa sababu ardhi isiyo na hati jijini hapa haikawii kupata mwenyewe. Hata bustani ya Uhuru Park iliponea chupuchupu mwaka 1989, marehemu Profesa Wangari Maathai alipopinga jumba la ghorofa 60 kujengwa humo. Vilevile, mwanakandarasi asiruhusiwe kukabidhi nyumba kabla ya uwanja wa watoto na njia za miguu kukamilika, na maegesho ya magari yasihesabiwe kuwa uwanja. Wengi wa watakaohamia humo watakwenda kazini kwa miguu au kwa matatu.

Mwisho, vikao vya kushirikisha umma vifanyike mtaani kwenyewe, jioni au Jumapili alasiri, na michoro ibandikwe ukutani mapema kwa Kiswahili, badala ya wapangaji kuitwa ofisini katikati ya wiki wakati wengi wao wako kazini.

Mkazi wa Buruburu,
Nairobi