Pole ya kanisa, dada Neema

Kampala, Jumapili jioni

Dada Neema,

Bwana asifiwe. Huku hatujambo, watoto wamesharudi shule. Nimekaa kimya mno, lakini picha za kanisa letu lililoungua alizonitumia Baraka zimeninyima usingizi. Paa lote limekwisha, na kengele imelala kwenye jivu! Mpe mama pole nyingi. Vitambaa vya madhabahuni alivifua yeye miaka yote.

Leo nimesali Namirembe, kanisa kuu la Kianglikana hapa Kampala, na ibada nzima nilikuwa nanyi. Kanisa kuu hili la sasa si la kwanza kilimani hapa. Moja liliangushwa na upepo mwaka 1894. Baadaye wakajenga la matofali, likawekwa wakfu 1904. Waganda walilijenga kwa mikono yao, wakubwa kwa wadogo, wanawake wakipandisha udongo na matofali kichwani. Paa lilikuwa la nyasi. Tarehe 23 Septemba 1910 radi ikalipiga, likateketea.

Nawafikiria wale akina mama. Kila tofali lilipita kichwani kwa mtu, halafu siku moja basi. Kwa hiyo atakayewaambia kuhusu kanisa letu “ni jengo tu, shukuruni hakuna aliyekufa,” msimjibu, lakini msikubali. Mimi pale nilibatizwa, wewe ulifunga ndoa pale, babu tulimuagia pale. Jengo tu vipi?

Baraka anasema Mwalimu Zakaria anataka kuta zibomolewe mwezi huu huu ili ujenzi uanze. Nampenda mwalimu, ila hapana. Namirembe hawakuanza kujenga mpaka 1915, wakamaliza 1919, safari hii kwa vigae, na kuba juu. Watu walie kwanza. Na fundi anayejua kazi azipime hizo kuta kabla mtu hajashika nyundo. Mwambie wewe, anakusikiliza.

Sasa niambie: rejesta za ubatizo zimepona, au zilikuwa sakristia? Ile ngoma kubwa ya kuitia ibada je? Jumapili mmesalia wapi, chini ya mwembe? Kwaya wanaimba? Mama anakula? Na mchango wangu niutume kwenye simu yako au kwa Mama Kulwa? Nijibu hata kwa mistari miwili.

Ndugu yako,
Tumaini