Mwezi mmoja wa mafunzo ya uraibu hautoshi

Mhariri,

Daktari anayesomea ubingwa wa magonjwa ya akili hukutana na waraibu mara kwa mara, ila wengi huwaona siku zao mbaya: wamezidisha dozi, wameletwa kwa nguvu na ndugu, au wamekamatwa na arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa kilevi ulichozoea. Wakipata nafuu wanaruhusiwa, naye hawaoni tena mpaka wazidiwe upya. Si ajabu anahitimu akiamini kuwa mraibu haponi. Waliopona hawalazwi, wako makazini.

Nchini Marekani mafunzo ya ubingwa huu ni miaka 4, na muda wa lazima kwa uraibu ni mwezi 1. Mwezi unatosha kujifunza dharura, nami sizibezi. Mnywaji aliyelazwa kwa mguu uliovunjika, ametulia siku ya kwanza. Siku ya tatu bila pombe anatetemeka, jasho linamchuruzika, anaokota kwenye shuka wadudu wasiokuwepo. Asiyefundishwa atamwona kichaa na kumchoma haloperidoli peke yake, dawa ya kichaa inayoweza kumsogeza karibu na degedege, ilhali anahitaji diazepamu na vitamini B1. Arosto ya heroini hutesa, ni nadra kuua. Ya pombe huua.

Yanayofuata ndiyo hayaingii katika mwezi. Methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, hupandishwa kidogo kidogo, huku ukichunga mgonjwa asisinzie moja kwa moja. Buprenofini, nayo dawa mbadala, ukiiwahisha heroini ingali mwilini, unamtia arosto kwa mkono wako mwenyewe. Na aliyekaa wiki kadhaa bila kutumia, akirudia dozi yake ya zamani anaweza kufa, maana mwili haustahimili tena kiasi kile. Kwa hiyo asiruhusiwe kwenda nyumbani bila naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini, mkononi, na ndugu zake wafundishwe kuitumia.

Napendekeza kila mwanafunzi akabidhiwe waraibu wachache tangu mwaka wa kwanza, awafuatilie kliniki mpaka amalize masomo. Najua wakuu wa vyuo watasema wakufunzi hawatoshi. Ni kweli, lakini wauguzi na washauri nasaha wa kliniki za methadoni wanaijua kazi hii kuliko mabingwa wengi. Daktari akae kando yao ajifunze, hata kama cheo kitamwasha.

Kisha kwenye mtihani wa mwisho asiulizwe dalili za utegemezi, ambazo kila mtu amezikariri. Afungue faili la mgonjwa wake, aeleze: alipoacha kuja kliniki ulimtafuta vipi, na aliporudi akiwa ametumia tena ulimwambia nini?

Daktari wa magonjwa ya akili